Mswaki Ulioonja Damu

Paukwa.

"Pakawa."

Pakawa mfupa.

"Na mwenye kuuvunja."

Pakawa jino.

"Na mwenye kulitikisa."

Haya, mwenye mdomo aufunge, mwenye sikio alifungue. Na wewe unayetafuna mua hapo nyuma, tafuna polepole, maana habari hii inahusu hayo hayo unayotafunia.

Zamani, zamani kabisa, zamani ambayo hata mimi niliyeona kila kitu sikuiona, ila niliisikia kwa karibu, vitu vyote vilikuwa vinasema. Jiwe lilikuwa linasema. Moshi ulikuwa unasema. Hata mdomo wenyewe ulikuwa na mdomo wake.

Zamani hizo alikuwako Fisi mmoja jike, jina lake Nyamizi. Taya lake lilikuwa taya, si haya mataya ya siku hizi. Alikuwa akivunja mfupa upande huu wa bonde, upande wa pili mayai ya kanga yanapasuka yenyewe. Akivunja paja la nyati, watu wa nchi jirani wanatazama mbinguni, wanasema mvua hiyo, wanakimbia kuanua nguo. Anayebisha anyooshe kidole. Hakuna. Tuendelee.

Kazi yake ilikuwa hiyo. Katikati ya mbuga kulikuwa na jiwe pana, likiitwa Jiwe la Mfupa. Mnyama yeyote aliyeshindwa na mfupa wake aliuleta pale. Nyamizi anapanda juu ya jiwe, anauma, ko, mfupa vipande viwili. Mwenye mfupa anachukua nusu ya uboho, Nyamizi anachukua nusu.

Nusu yake hakuila peke yake. Aliipeleka pangoni kwa mama yake, Bi Kabula, fisi mzee asiye na jino hata moja, juu wala chini. Bi Kabula aliishi kwa uboho kama mtoto mchanga anavyoishi kwa ziwa. Siku ya uboho anaongea mpaka popo wanahama pangoni. Siku isiyo na uboho anautazama ukuta.

Sasa kila mwaka, mvua zikiisha, wanyama wote walikutana kwenye jiwe. Unaletwa mfupa mkubwa kuliko yote ya mwaka ule, Nyamizi anauvunja mbele ya macho ya watu, na jiwe linakuwa lake mwaka mwingine. Akishindwa, jiwe anapewa mwingine. Msimamizi alikuwa Kobe. Walimchagua Kobe kwa sababu hana meno, kwa hiyo kwenye mambo ya meno hana upande.

Na mwenye kulitamani lile jiwe alikuwako. Nani huyo? Nungunungu. Naye alikuwa mla mifupa, ila yeye havunji, anaguguna. Mfupa mmoja siku tatu, kru, kru, kru, na akimaliza hakumbuki hata jirani. Ukimwomba anakuambia, "Anayetaka uboho aje na meno yake." Ndiyo ilikuwa salamu yake hiyo, asubuhi na jioni.

Basi. Fisi wa ukoo ule walikuwa na mila yao. Kila mmoja alikuwa na mswaki wa kijiti, anautafuna ncha mpaka uwe nyuzinyuzi, kisha anausugulia meno asubuhi. Usicheke. Mla mizoga asipopiga mswaki hata nzi wanampisha njia. Lakini mswaki ukitoka na damu, kwao ilikuwa balaa. Walikuwa wanasema, "Kilichoonja damu hakiachi. Sisi wenyewe tulionja mara moja, je, tumeacha?" Kwa hiyo mswaki ulioonja damu ulizikwa. Unachimbiwa shimo, unafukiwa, na mwenye mdomo anapumzisha mdomo siku arobaini. Hagusi jino kwa kijiti wala kwa kidole.

Asubuhi moja Nyamizi alisugua meno, mswaki ukatoka mwekundu.

"Mama, damu."

"Zika," akasema Bi Kabula.

Nyamizi akazika. Siku arobaini zikapita. Akachonga mswaki wa pili, akausugua, ukatoka mwekundu kuliko ule wa kwanza.

"Mama, damu tena."

"Zika tena."

Akazika. Siku arobaini zikapita. Akachonga mswaki wa tatu, na huo hata hakuusugua, aliugusisha tu, ukatoka kama umechovywa kwenye rangi.

"Mama, hii miswaki ina nini?"

"Ina njaa," akasema Bi Kabula. "Mimi nilizika saba. Zika, mwanangu, acha maswali."

Lakini Nyamizi kuacha maswali hakujua. Huyu ni fisi aliyewahi kumfuata sisimizi kutwa nzima, apate kujua tu anakolala. Aliuzika mswaki wa tatu, ila alipokuwa anafukia alikuwa anawaza. Mswaki wa kwanza ulitoka mti huu, wa pili mti ule, wa tatu mti mwingine kabisa. Wezi watatu wasiojuana, wanaiba nyumba moja?

Na kitu kingine kilimshangaza. Hakusikia maumivu. Fizi zilikuwa zimevimba, zimewiva kama nyanya. Pumzi yake ilikuwa imebadilika, akipiga miayo majani yanajikunja. Ila maumivu, hakuna. Kama kitu hakiumi, unakiitaje ugonjwa?

Siku ya pili yake Swala alileta mfupa wa mguu, mfupa mwembamba, mfupa ambao Nyamizi wa zamani angeuvunja kwa kuutazama. Akauma. Haukuvunjika. Akauma tena, akasikia chonge lake la mbele linayumba kama mwiko ndani ya chungu cha uji. Mfupa ukavunjika kwa taabu, na juu yake kulikuwa na damu.

Nungunungu alikuwa amekaa pembeni, anaona.

"Dada Nyamizi," akasema, "mfupa wa swala siku hizi una damu?"

"Una damu, kaka."

"Au ni wewe unayevunjika, mfupa unatazama?"

Wanyama wakacheka. Nyamizi naye akacheka, si ni fisi? Lakini cheko lenyewe lilitoka na mdomo umefungwa. Aliinua macho jioni ile, akauona mwezi mwandamo, mwembamba kama ukucha. Ukiandama mwingine, ndiyo siku ya mfupa mkubwa. Akilikosa jiwe, litakwenda kwa Nungunungu, na Bi Kabula atautazama ukuta mpaka mwisho wake.

Fisi mwingine angekaa alie. Nyamizi alikwenda kuuliza.

Alikwenda penye maji yaliyotulia juu ya mwamba, jua limesimama wima, akaachama juu ya maji. Akajiona mpaka koo. Akaliita lile jino linaloyumba.

"Jino, jino, mbona unanihama?"

Jino likasema, "Mimi sikuhami. Mimi ni nguzo. Umeona wapi nguzo inatoka shimoni kwa miguu yake? Kamuulize aliyenishika."

Aliyelishika jino ni nani? Ni ufizi, na chini ya ufizi, mfupa wa taya. Nyamizi akauita ufizi.

"Ufizi, ufizi, mbona unaliachia jino?"

Ufizi ukasema kwa sauti nzito, sauti ya mtu aliyevimba shavu, "Mimi siliachii. Mimi ni askari, nimevimba kwa kupigana. Ile damu unayoiona ni mbiu yangu. Nimepiga mbiu mara ya kwanza, ukaenda kuzika kijiti. Nimepiga mara ya pili, ukazika kijiti. Nimepiga mara ya tatu, ukazika kijiti. Mimi naita msaada, wewe unamzika anayekuja kunisaidia. Kamuulize ninayepigana naye."

Nyamizi akapoa. Akasogeza uso karibu zaidi na maji, karibu, karibu, mpaka pua ikalowa. Na pale, kwenye mpaka wa jino na ufizi, penye kile kimstari chembamba, akaona mji. Mji mzima. Vitu vidogo, vidogo hivi kwamba vumbi mbele yao ni ng'ombe, vinakwenda na kurudi, vinapika, vinajenga, vinaimba:

*Leo sisi uji, uji laini,*
*kesho sisi tope, tope la kinamo,*
*keshokutwa jiwe, jiwe la chokaa.*
*Mwenye nyumba hajui, hajui,*
*nyumba inakwenda.*

"Nyinyi ni nani?" akauliza Nyamizi.

"Sisi ni Ukoga," wakajibu wote pamoja. "Shikamoo, mwenye nyumba."

"Marahaba. Mnafanya nini kwangu?"

"Tunakula makombo yako. Kila ulapo tunakula. Ukilala tunazaana. Tulikuja laini, mama, laini kabisa, mswaki mmoja tu ungetufagia. Siku ya kwanza tulikuwa tunaogopa hata kukohoa. Halafu ukauzika mswaki."

"Nikauzika."

"Ukatupa siku arobaini. Nani amewahi kupewa siku arobaini? Tukajenga. Ukatupa nyingine arobaini. Tukaganda, tukawa jiwe. Juzi umeanza kutupa za tatu. Sasa tumeingia chini ya ufizi. Huko chini tunatupa takataka zetu, ufizi unavimba, unaachana na jino, na ule mfupa unaolishika jino unaliwa kidogo kidogo."

"Mbona siumwi?"

Ukoga wakacheka, wakashikana mabega. "Mwizi mwenye akili anapiga kelele? Ungeumwa ungetafuta dawa. Sisi hatuumizi. Sisi tunakula kwa adabu."

"Nitachonga mswaki mpya niwafagie."

"Wale wadogo zetu laini utawafagia. Sisi tulioganda, labda uoteshe shoka. Mswaki hatuogopi. Tunaogopa kitu kimoja tu katika dunia hii."

Nawaambia, majivuno yameua wengi. Mimi sijivuni, ndiyo maana nimefika umri huu. Nyamizi akaweka sauti ndogo, sauti ya mtu mjinga asiye na haraka.

"Kitu gani hicho, wageni wangu?"

"Mdomo unaogonga. Mdomo mwembamba unaogonga na kubandua. Lakini mwenye mdomo huo hataingia kinywani mwa fisi, hata umpe mbuga nzima."

Wakaendelea kuimba. Nyamizi akafunga mdomo, akainuka. Akaingia msituni, akasimama, akatega sikio. Akasikia: ngo, ngo, ngo. Akafuata. Ngo, ngo, ngo. Akainua kichwa, akamwona Kigong'ota amejibandika kwenye shina, anabandua magamba ya mti kipande kipande.

"Hodi, fundi."

"Karibu, ila usikaribie," akasema Kigong'ota.

"Fundi, nina jiwe kwenye meno. Njoo unibandulie."

"Sitaki. Mjomba wangu aliingia kwenye mdomo wa mbweha kuangalia kitu, mpaka leo anaangalia."

"Fundi, nakuomba."

"Sitaki. Mdomo wa fisi una mlango wa kuingilia, wa kutokea uko mbali sana, na hauna heshima."

"Fundi, mama yangu atakufa njaa."

Kigong'ota akagonga mti mara moja, ngo, kama mtu anayefikiri kwa sauti. "Mama yako ndiye yule asiye na meno?"

"Ndiye."

"Nataka kumwona huyo kwanza."

Wakaenda pangoni, Nyamizi chini, Kigong'ota juu. Bi Kabula alikuwa amekaa mlangoni, anautazama ukuta. Nyamizi akamweleza yote, jino lilivyosema, ufizi ulivyosema, Ukoga walivyosema, na fundi alivyokataa. Bi Kabula akamtazama yule ndege kwa muda mrefu, kwa jicho la kumpima.

"Mwanangu fundi," akasema, "anzia kwangu. Ingia kinywani humu ujizoeze. Mimi hata nikikutafuna, nitakuwa nimekukanda tu."

Kigong'ota akacheka mpaka unyoya ukamtoka. Akaingia. Akatembea juu ya fizi za Bi Kabula kama anayetembea kwenye shamba lililovunwa. Taya lilikuwa limekwisha, limebaki ukingo mwembamba, kama ukingo wa mto uliomegwa na mafuriko.

"Bibi," akauliza akiwa ndani, "hapa palikuwa na meno mangapi?"

"Aa-aa," akasema Bi Kabula. Kigong'ota akatoka ili apewe jibu la maana. "Yote. Nilikuwa na meno kumshinda huyu binti. Nilivunja kichwa cha kiboko mara moja, baba yake shahidi, Mungu amrehemu."

"Yalioza?"

"Hapana. Hayo ndiyo ya ajabu. Yalikuwa mazima, meupe. Yalilegea tu, yakaanguka moja moja kama maembe yaliyoiva. Watu wakasema ni uzee. Wengine wakasema ni ukoo wetu."

"Na damu ilikuwako?"

"Miaka. Nami nikazika. Miswaki saba."

Bi Kabula akageuza kichwa, akatazama pale nje penye vilima vidogo saba vya udongo, na vitatu vya binti yake, vimepangwa vizuri, vimefagiliwa.

"Kumbe," akasema polepole, "sikuwa nazika miswaki. Nilikuwa nazika meno yangu."

Akainuka na mgongo wake uliopinda, akamshika Nyamizi taya, juu na chini, akalipanua kwa mikono yake. "Ingia, fundi. Nimemshika. Akikumeza, atakuwa amemeza na mikono ya mama yake."

Kigong'ota akaingia. Sasa nyinyi mmewahi kusikia sauti ya mji ukibomolewa? Ngo, ngo, ngo, kipande kikaanguka. Ngo, ngo, ngo, kingine. Ukoga walipiga yowe, wakaimba wimbo wao lakini maneno yakawatoka. Kazi ikachukua kutwa nzima, kisha kutwa ya pili, kisha ya tatu. Vile vipande vilivyotoka, nawaapia, vilitosha kujenga choo cha shule na baraza yake. Damu ilitoka. Nyamizi akataka kuogopa, akaukumbuka ufizi, akatulia.

Siku ya tatu Kigong'ota akatoka, akapangusa mdomo kwenye jani.

"Dada, nikuambie kweli au nikuambie tamu?"

"Kweli."

"Magego ya nyuma yatashika. Ufizi utarudi kuyakumbatia. Lakini chonge la mbele, shimo lake limeshaliwa. Mfupa ukishaliwa hauoti tena. Nikisema nitalirudisha, nitakuwa tapeli."

Nyamizi akaligusa chonge kwa ulimi. "Na nifanye nini sasa?"

"Kazi yangu mimi imekwisha, yako inaanza. Chonga mswaki leo leo. Tafuna ncha iwe laini kama manyoya ya kifaranga. Usisugue kama unakoroga udongo, utajichana. Pitisha polepole pale mpakani, jino linapokutana na ufizi, nje na ndani, jino kwa jino, asubuhi, na tena kabla ya kulala, hasa kabla ya kulala, maana ukilala wale wanazaana. Kati ya jino na jino pitisha uzi wa katani. Na ule ugoro niliouona shavuni mwako, unaoubana ukikaa jiweni, acha. Unafifisha ufizi, unaunyima nguvu, hata mbiu haupigi vizuri."

"Na damu ikitoka?"

"Itatoka siku za mwanzo. Ikitoka, usizike. Endelea taratibu. Siku askari akipumzika itakata yenyewe. Isipokata, niite. Na kila masika na kila vuli niite hata kama huna neno, nije nichungulie tu."

Akaruka zake.

Asubuhi ya kwanza Nyamizi akapiga mswaki, damu ikatoka. Bi Kabula akafungua mdomo, "Zi..." akaufunga. Akasema, "Endelea, mwanangu."

Asubuhi ya tatu, damu. "Endelea, mwanangu."

Asubuhi ya tano, damu kidogo, kama ya kuchomwa na mwiba. "Endelea."

Majirani wakapita, fisi wa ukoo ule, wakaona mswaki mwekundu mkononi mwa Nyamizi, wakashika vichwa. "Bi Kabula, unamwacha binti afuge mswaki wenye njaa?" Bi Kabula akawajibu, "Mimi nilisikiliza wenye akili kama nyinyi, tazameni," akawaachamia. Wakaenda zao haraka.

Asubuhi ya kumi na mbili mswaki ukatoka mweupe. Nyamizi akautazama, akaugeuza, akaunusa. Mweupe. Akakimbia penye maji, akaachama. Zile fizi nyekundu zilikuwa zimetulia, zimesinyaa, zimeshika meno ya nyuma kama mama aliyembana mtoto sokoni. Ila lile chonge la mbele lilikuwa bado linayumba.

Mwezi ukaisha, mwingine ukaandama. Siku ikafika.

Wanyama walikuja, sitawahesabu, nikihesabu kutakucha. Vumbi lililotimka lilifunika jua kwa wiki moja. Mfupa ulioletwa ulikuwa paja la kiboko dume, mnene kama kinu. Nungunungu mwenyewe ndiye aliyeutafuta, akaubingirisha kwa miba yake mpaka jiweni, akitabasamu.

Kobe akatoa kichwa. "Mwenye jiwe apande."

Nyamizi akapanda. Bi Kabula amekaa chini, mbele kabisa, mikono mapajani. Tangu juzi hakuwa ametia kitu tumboni.

Nyamizi akauma mara ya kwanza, kwa meno ya upande wa kushoto. Mfupa ukateleza, ukabingirika, ukamgonga Kobe gamba. "Samahani, mzee." "Endelea," akasema Kobe, "mimi nimezoea."

Akauma mara ya pili, kwa mbele, kwa mazoea ya miaka mingi, na hapo ndipo aliposahau. Chonge likatoka. Lilianguka juu ya jiwe, likalia, ti, na mbuga nzima ikasikia. Nungunungu akasema, "Leo amevunja jino, kesho atavunja rekodi," na kicheko kikapita kama upepo kwenye mtama.

Nyamizi alisimama. Damu ilimjaa mdomoni, na shimo jipya lilikuwa linapuliza. Alimtazama mama yake. Bi Kabula hakucheka wala hakulia. Akaweka kidole kwenye shavu lake mwenyewe, huku nyuma, penye magego, akagonga mara tatu: ngo, ngo, ngo.

Nyamizi akauvuta mfupa. Akausukuma ndani, ndani, mpaka nyuma kabisa karibu na sikio, kule ambako fisi yeyote mwenye machonge yake hahangaiki kupeleka mfupa. Akafumba macho. Akasikia magego yamekaa, yameketi, hayaendi popote. Akabana.

Kwanza hakuna kitu. Kisha kitu kikalia ndani ya mfupa, kama ufa unaofunguka. Kisha: KO.

Mnajua mlima ule wenye ufa upande wa mashariki? Haya. Sisemi zaidi.

"Hapana," akasema Nungunungu, miba imesimama. "Hapana, mzee Kobe. Zamani alikuwa anauma mara moja. Leo kauma mara tatu, na jino kaliacha hapo. Hilo halihesabiki."

Kobe akautazama mfupa. Akautazama tena, maana Kobe hana haraka hata ya kutazama.

"Mimi sikuhesabu mara," akasema. "Nilihesabu vipande. Ni viwili."

Akarudisha kichwa ndani. Kesi imekwisha.

Nyamizi akashuka na nusu yake, hakuipeleka pangoni, akampa mama yake hapo hapo, mbele ya watu. Bi Kabula akanyonya uboho wa kiboko mpaka masikio yakacheza. Alipomaliza akasema, "Una mafuta mengi," akalamba na mkono. Kisha akaanza kuongea, akaongea mpaka wanyama wote wakaaga mmoja mmoja, wakamwacha anaongea.

Toka siku hiyo, fisi wa ukoo ule mswaki ukitoka na damu hawachukui jembe. Wanamwita Kigong'ota, na wanaendelea kusugua, taratibu, pale mpakani. Ndiyo maana hata leo fisi anavunja mfupa ambao simba ameuacha.

Na fundisho lake ni hili: ufizi unaotoka damu hauombi mapumziko, unaomba usafi. Usingoje uumwe, maana ugonjwa huu unakula kimya kimya, na mfupa ulioliwa haurudi. Fagia mlango wako kila siku wageni wangali laini. Wakishakuwa jiwe, mtafute fundi wa meno, usione haya.

Ngano imevunjikia hapo. Uboho wake uleni nyinyi, gamba niachieni mimi.

Mimi mnaniona hapa nina meno yangu yote thelathini na mawili. Yapo yote. Saba yako nyumbani kwenye kibati, lakini yapo.